Shemeji Yangu, Mchora Viwiko

Zamani bango la duka lilichukua siku tatu na mtu mwenye akili zake; siku hizi linachukua dakika tatu na mashine ambayo haijui hata kama duka lenyewe linauza nyama au majeneza.

Jana tu nimepita barabara yetu nikahesabu mabango kumi na saba ya plastiki, na yote yana mwanamke yule yule anayetabasamu. Anatabasamu kwa kinyozi, anatabasamu kwa daktari wa meno, anatabasamu kwa fundi matairi. Mwanamke gani huyo mwenye furaha ya matairi? Ningekuwa na nguvu ningepanda ngazi nimwulize.

Mimi nilikuwa mtu wa herufi. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha mimi, tusibishane. Elimu yangu nimeiokota kwenye magazeti yaliyofungiwa mkate, na kwenye kamusi moja iliyokatika kurasa za mwisho, ndiyo maana mpaka leo maneno yanayoanza na W siyaamini sana. Lakini kuandika nilijua. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya fundi baiskeli, chumba kirefu chenye dirisha moja la kupitisha mwanga na matundu mengi ya kupitisha mvua. Tulikuwa watatu: Fundi Mkuu mwenye karakana, mchora picha, na mimi.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake, na nautaja kwa sababu ndio ulioniponza. Mchora picha hutangulia. Anachora ng'ombe wake, au kiatu chake, au kichwa chake cha kunyolewa, na anaacha mahali peupe pa maandishi. Akimaliza, anaugeuza ubao uelekee ukutani ili vumbi lisishike rangi. Hakuna aliyemwambia mwenzake kitu. Ukikuta ubao umeupa ulimwengu mgongo, ujue zamu ni yako: chukua brashi, andika.

Basi mchora picha wetu akapata kazi ya kuendesha lori, akaondoka na brashi mbili nzuri ambazo zilikuwa zangu. Wiki ile ile kaka yangu, aliyekuwa fundi cherehani, akaja karakana amemshika mkewe mkono kama mtu anayerudisha bidhaa mbovu dukani.

"Mchukue shemeji yako hapa," akaniambia. "Nyumbani amenishinda."

"Amefanya nini?"

"Anachora. Anachora kwa chaki yangu ya kukatia nguo, juu ya vitambaa vya wateja. Jana nimekata koti kwa kufuata mistari nikidhani ni yangu."

"Likatokaje?"

Kaka akatazama chini. "Lina mikono mitatu."

Shemeji yangu hakuonyesha majuto hata kidogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mwenye macho ya mtu anayepima mlango kama kabati litapita. "Mwenye koti amelivaa," akasema, "na ule wa tatu anawekea miwani."

Fundi Mkuu akamwajiri kuosha brashi. Mwezi haukuisha akawa mchora picha wetu.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa bango la muuza nyama. Muuza nyama alitaka ng'ombe wa kawaida, mnene, anayetabasamu kama hajui yatakayomkuta. Shemeji akamchorea pembetatu nne na sanduku. Macho yote mawili yalikuwa upande mmoja, miguu minne yote ilikuwa mbele, na mkia ulikuwa umenyooka kama kidole cha shahidi mahakamani. Muuza nyama akauzunguka ule ubao mara mbili, akitafuta upande wenye ng'ombe.

"Huyu amepatwa na nini?"

"Anakuja," shemeji akasema.

"Anakuja kutoka wapi?"

"Anakuja kwako. Na hapo hapo anaondoka. Hujapata kumwona ng'ombe anayeletwa buchani? Mbele anakuja, nyuma anarudi."

Muuza nyama akautazama tena ule mkia. Ni yeye aliyekuwa akiwavuta ng'ombe wake kila alfajiri. "Ni kweli," akasema kwa sauti ndogo. "Nyuma huwa anarudi."

Akalichukua. Watu walikuja kutoka mitaa mitatu kumcheka yule ng'ombe, na mtu akicheka sana njaa humshika, kwa hiyo walinunua. Fundi Mkuu hakufurahi. Alimwita shemeji pembeni, akavua kofia, kama kwenye msiba.

"Binti yangu, mimi nimechora ng'ombe miaka thelathini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuwa na ncha."

"Ndiyo maana hakuna anayewakumbuka, baba."

Akavaa kofia yake, akaenda kuchanganya rangi.

Lakini pembetatu zilikuwa utangulizi tu. Ugonjwa wenyewe ulikuwa viwiko. Shemeji alikuwa na imani kwamba picha ya mtu haianzii usoni. "Uso mwenyewe ameuzoea," alikuwa akisema. "Ukimtazama anaupanga, kama sebule mgeni akibisha hodi. Kiwiko nani anakipanga?" Kwa hiyo kila mtu aliyemchora alimwanzia kwenye kiwiko, na akiona kiwiko kimetosha alikomea hapo. Barabarani alifuata watu kwa nyuma, shingo imepinda, akitembea wanavyotembea. Siku moja askari polisi aligeuka akamwuliza kwa nini anamfuata tangu sokoni.

"Afande, hebu ukunje kidogo," shemeji akamwambia.

Na askari akakunja. Sijui alikuwa na kipaji gani cha kuamrisha watu, lakini afande alisimama katikati ya barabara, mkono umekunjwa, magari yakimpigia honi, mpaka akaambiwa "Asante, nenda kazini."

Karakana ikampa jina: Mama Kiwiko. Wanawe nao waliitwa Viwiko, wote watatu kwa pamoja.

Mama yetu mzazi aliposikia mkwewe anachora watu, alitaka achorwe na yeye. Akavaa nguo zake za sherehe, akajipaka mafuta, akakaa kwenye kiti uso mbele, kidevu juu. Shemeji akachukua kigoda akaenda kukaa nyuma yake.

"Mwanangu, uso wangu uko huku."

"Najua, Mama. Tulia."

Kwa saa mbili nzima mama akautengeneza uso ule bure. Picha ilipokwisha tukasogea wote kuitazama. Ilikuwa kitu kikubwa cha rangi ya udongo, kimepinda kama kona ya barabara mbaya, na juu kabisa sikio dogo.

"Hii ni nini?" mama akauliza.

"Ni wewe, siku uliponikatalia chumvi."

Mama akainama, akasogea, akarudi nyuma. "Na pua yangu?"

"Haikuhusika."

Nilidhani nyumba itawaka moto. Mama akaiangalia tena, akasema polepole, "Chumvi kweli nilikukatalia," kisha akaitundika ukutani. Wageni aliwaambia ni ramani ya shamba la marehemu baba yake. Binamu yetu mmoja akatoka mbali kuja kudai sehemu yake, na akaonyesha kwa kidole ni ipi.

Nacheka sasa, lakini lilikuwepo jambo lisilochekesha. Nyumba ya kaka ilikuwa vyumba viwili: kaka, mkewe, Viwiko watatu, mama, cherehani, na milima ya nguo za watu. Shemeji hakuwa na mahali. Karakana ilikuwa ya mabango, na Fundi Mkuu hakutaka picha za ziada zimwibie mwanga wake. Picha ya kwanza kubwa aliyochora nyumbani mama aliitumia kuanikia maharage. Ya pili watoto waliigeuza meli, ikazama kwenye mtaro. Ya tatu kaka alipigia suruali pasi juu yake, nayo haijakauka, na mteja mmoja akatembea mjini wiki nzima na pembetatu ya njano makalioni. Hayo ndiyo yalikuwa maonyesho yake ya kwanza, na nasikia watazamaji walikuwa wengi.

Ndipo tangazo likatoka gazetini. Nililiona mimi, lilikuwa limefungia mkate wangu. Manispaa imejenga maktaba mpya, inatafuta picha moja kubwa ya ukumbini. Picha iwe kazi ya mkono mmoja. Mshindi atapewa chumba cha juu cha maktaba, chenye madirisha makubwa na mlango wa kufunga, akitumie kwa kazi yake miaka mitano. Nikamsomea shemeji. Akaninyang'anya gazeti, mkate ukaanguka.

"Rudia hapo kwenye mlango."

Nikarudia.

"Shemeji," akasema, na sauti yake sikuizoea, "mimi sitaki sifa. Nataka mlango. Niufunge, na mtu akigonga nijifanye sipo."

Akaenda kwa Fundi Mkuu kuomba kuchora karakana asubuhi kabla ya kazi. Wiki saba nzima aliwasha jiko la watoto, akawapikia uji, akafika karakana kabla jogoo hajajipanga. Alichora kliniki: benchi refu na wanawake saba wanaosubiri. Nyuso hakuna. Viwiko kumi na vinne, nilivihesabu mwenyewe. Kimoja kilikuwa kimechoka, kimoja kilikuwa na hasira, kimoja kilikuwa cha msichana anayeogopa atakachoambiwa ndani. Mimi sijui mambo ya sanaa, na nilikuwa nikimtania kila siku, lakini kile kiwiko cha msichana kilinifanya niweke chai chini.

Katikati ya picha, kati ya mwanamke wa nne na wa tano, aliacha mahali peupe, pana kama mlango. Hapo ndipo alipotumia muda kuliko pote. Siku tisa alipaka weupe juu ya weupe, akipiga msasa, akipaka tena, mpaka ukawa laini kama ganda la yai. Mimi nikipita nyuma yake nilitikisa kichwa kwa furaha. Katika maisha yangu hakuna mchora picha aliyewahi kunitengenezea uwanja mzuri namna ile.

Wasomaji wenye akili wameshaanza kushika vichwa. Subirini, mimi ndiye niliyekuwepo.

Waamuzi walikuwa wazipitie picha Jumatatu asubuhi, ukumbini mwa maktaba. Ijumaa jioni shemeji akamaliza, akaugeuza ubao uelekee ukutani vumbi lisishike rangi, akakimbia nyumbani kwa sababu Kiwiko wa mwisho alikuwa na homa. Jumamosi nikafungua karakana peke yangu. Nikaukuta ubao umeupa ulimwengu mgongo.

Nikaugeuza, nikasimama mbele yake, mate yakanijaa. Nikawaza: masikini shemeji, ameona haya kuniomba. Ananijua nina kiburi. Basi kamwe asije akasema shemeji yake alimwangusha.

Nilifanya kazi tangu asubuhi mpaka jua likapinda. Nilipiga mistari kwa uzi na chaki, nikapima mara tatu, nikapumua kwa pua ili mkono usitikisike. Nikaandika kwa rangi nyekundu yenye kivuli cha dhahabu, herufi ambazo sijawahi kuandika nzuri zaidi kabla wala baada: SUBIRI ZAMU YAKO. Na kwa kuwa chini palibaki nafasi, na mimi sipendi nafasi ipotee, nikaongeza kwa herufi ndogo za kulala: Usiteme mate. Nikamalizia na mkono mweusi wenye kidole kinachoelekeza mlangoni, kisha nikaurudisha ubao uelekee ukutani.

Jumapili shemeji akaja na kitambaa cha kuifunika. Akaugeuza ubao. Mimi nilikuwa nimesimama pale nikijifanya naosha brashi, nasubiri kushukuriwa.

Hakupiga kelele. Akakaa chini sakafuni, kama mtu aliyekatwa kamba.

"Shemeji," akasema. "Nini hiki?"

"Usiseme asante, sisi ni ndugu."

"Umeniua."

"Lakini ulikuwa umeigeuza! Umeacha na nafasi!"

"Ile si nafasi. Ile ndiyo picha. Ndiyo kule ndani wanakosubiri kuitwa."

Nikatazama herufi, nikatafuta cha kujitetea. "Zimekaa sawasawa," nikasema.

Akainua macho akazitazama kwa muda, moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa haki, hata pale. "Zimekaa sawasawa sana," akasema. "Ndiyo maana nashindwa hata kukutukana."

Kukwangua hakukuwezekana, kungeondoka na weupe wa siku tisa. Tukapaka nyeupe juu yake, mara moja, mara mbili, mara tatu, mimi upande huu yeye upande ule. Nilijua kitakachotokea, sikuwa na moyo wa kusema. Nyekundu ya siku zile ilikuwa kama siri ya ukoo: kadiri unavyoifunika ndivyo inavyotokeza. Dawa yake ilikuwa vanishi na siku mbili za kukauka, na sisi tulikuwa na alasiri moja. Jumatatu asubuhi ule weupe ulikuwa umegeuka rangi ya ufizi, na maandishi yangu yalionekana ndani yake kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia akidhani amejificha.

Tukaipeleka hivyo hivyo, kwenye mkokoteni wa muuza nyama.

Ukumbini kulikuwa na picha kumi na mbili. Aliyesimama jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya udereva, amechora simba, unywele mmoja mmoja, mpaka masharubu. Waamuzi walikuwa watatu: Mhandisi wa manispaa, Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana, na Profesa mmoja aliyevaa skafu siku ya jua. Mezani mbele yao palikuwa na ufunguo wenye kikaratasi. Shemeji aliuona kabla hajaona kitu kingine chochote.

Wakaipita haraka milima, wakaipita mitungi ya maua, wakamsifu simba. Walipofika kwetu Profesa akasimama ghafla, Mwalimu Mkuu akamkanyaga.

"Ajabu!" Profesa akasema. "Tazameni! Amri imezama ndani ya ukimya! Mamlaka imefutwa, lakini bado inanong'ona!"

Mhandisi akasogeza miwani, akainama. "Inanong'ona usiteme mate."

"Na watu hutema," Mwalimu Mkuu akasema. "Nimeipenda. Inafundisha."

"Mama," Profesa akamgeukia shemeji, mikono imefumbatana kifuani, "sisi tumesafiri, tumeona, tumesoma. Hii ndiyo sanaa ya kisasa yenyewe. Hebu tuambie: ujasiri wa kuandika, kisha kuyazika uliyoyaandika, umeutoa wapi?"

Nikamkanyaga shemeji mguu. Kukanyaga huku kulikuwa na maana kamili: sema chochote, nyamaza, tabasamu, chukua ufunguo twende. Aliutazama ule ufunguo.

"Sikuandika mimi," akasema. "Ameandika shemeji yangu huyu, kwa ujinga. Mimi nimefunika, kwa hasira."

Profesa akaishika skafu yake.

"Yaani," Profesa akasema kwa matumaini, "mlipanga pamoja, ujinga na hasira, kama namna ya…"

"Hatukupanga, mzee wangu. Ujinga, na hasira. Picha yangu ni hizi pembeni. Viwiko hivi. Hapo katikati pameharibika."

Nikaona lazima niokoe jahazi. "Waheshimiwa," nikasema, "mimi hapa ni kama brashi tu. Brashi haihesabiwi mkono."

"Brashi," shemeji akasema bila kunitazama, "haiandiki usiteme mate bila kutumwa."

Mhandisi akafunua karatasi ya masharti, akasoma kwa sauti: kazi ya mkono mmoja. Profesa akabisha, akapiga meza, akatupa skafu yake begani mara mbili. Haikusaidia. Ufunguo akapewa mwalimu wa udereva, na simba akapanda ukutani. Kile chumba cha juu chenye madirisha makubwa yule bwana alikitumia kuwekea matairi.

Tulirudi na mkokoteni. Nikamwuliza kwa nini hakunyamaza tu.

"Ningekubali," akasema, "miaka mitano wangenigongea mlango kutaka niwaandikie na niwafutie, niwaandikie na niwafutie. Mlango wa nini huo?"

Hakunitukana njia nzima, wala siku ile, wala ya pili. Kama angenitukana ningelala. Nyumbani alipika, akafua, akaweka chaki ya kaka mahali pake, na mistari haikuonekana tena kwenye vitambaa vya wateja. Kaka akaja kunilalamikia. "Amepoa," akasema. "Makoti yote yanatoka na mikono miwili. Fanya kitu."

Sasa, mimi nilikuwa kapera. Ng'ambo ya barabara nilikuwa na chumba nilichorithi kwa mjomba, chumba changu mwenyewe, kitanda, meza, taa, kamusi yangu. Jioni nilijifungia humo nikasoma magazeti ya wiki tatu nyuma kama mfalme. Kilikuwa kitu pekee duniani ambacho hakuna ndugu aliyekigusa.

Alhamisi nikakifunga kitanda kamba, nikakivusha barabara.

Mama alikuwa kizingitini. "Umefukuzwa?"

"Nimejifukuza."

"Unakwenda kulala wapi?"

"Kwako, nyuma ya cherehani."

Mama akatutazama, kitanda na mimi, mimi na kitanda. "Uliponyonya mwaka wa tatu nilisema huyu hatoki," akasema, akanipisha.

Nikamkuta shemeji uani anafua. Nikaweka ufunguo ukingoni mwa beseni. "Kina madirisha mawili," nikamwambia. "La kushoto halifunguki, lakini linapitisha mwanga. Mlango unafungwa kwa ndani."

Akauangalia ufunguo, mikono ina mapovu. "Na wewe?"

"Nitalala chumba cha mama."

"Mama anakoroma."

"Najua. Nimemjua kabla yako."

Akajipangusa mikono, taratibu, kidole kimoja kimoja. Nilijiandaa kushukuriwa, na kama kawaida nilijiandaa bure. "Kaitoe ile kalenda yako ukutani," akasema. "Inaumiza macho."

Miaka ishirini na mitatu alikitumia kile chumba. Kila siku baada ya kazi za nyumbani na za karakana alivuka barabara, akajifungia. Mimi mwenye chumba sikuwahi kuruhusiwa kupita kizingiti. Nilikuwa nikigonga kumpelekea chai.

"Nani?"

"Mimi."

"Sipo."

Naacha kikombe chini, naondoka. Kikombe kilirudi nyumbani kina rangi, kila siku rangi nyingine, na kwa vikombe ndivyo tulivyojua kazi inaendaje. Mwezi mmoja vilirudi vyeusi vitupu, mama akaanza kuomba dua.

Ile picha ya kliniki aliikata kwa msumeno. Akaondoa kipande cha katikati, akaunga pande mbili, mwanamke wa nne akakutana na wa tano, viwiko vikagusana. Miaka mingi baadaye Profesa yule yule, skafu ile ile, alikuja kuichukua akaipeleka kwenye jumba la sanaa la mji mkuu, na nasikia watu husimama mbele yake wakaweka chini walichokishika. Picha nyingine ziliondoka moja moja. Moja ilitundikwa benki, karibu na mlango, na watu wakaegemezea miavuli. Alipoambiwa alifurahi. "Angalau wanaifikia," akasema. Jina lake hakuliandika kwenye picha hata moja. Alisema herufi ni kazi yangu, na mimi nimeshakatazwa.

Kile kipande cha katikati alinirudishia. Nilikitundika juu ya kitanda changu, nyuma ya cherehani. Mama hakujua kusoma, akaniuliza pameandikwa nini. Nikamwambia pameandikwa "Shikamoo Mama." Akawa anakiitikia kila asubuhi mpaka alipofariki: "Marahaba." Sikuwahi kumsahihisha, na Mungu anajua kwamba katika mambo yote niliyowahi kuandika, hakuna lililojibiwa kwa heshima kama Usiteme mate.

Kisha mambo yakaanza kwisha. Kaka akatutoka. Fundi Mkuu naye akatutoka. Mashine ikaja na mwanamke wake wa kutabasamu, karakana ikauzwa, dirisha letu likazibwa kwa matofali kwa sababu mashine haihitaji jua. Sikupata hata mtu wa kugombana naye. Zamani mtu aliyechukua kazi yako ulimjua sura, ulijua anapokunywa chai.

Shemeji yeye magoti yalimkataa kabla ya macho. Binti yake wa kwanza, Kiwiko mkubwa, sasa muuguzi katika mji mwingine, akaja na gari dogo la mizigo kumchukua. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mawingu kidogo. Picha zilikuwa zimefungwa kwa mashuka na kupangwa nyuma, na shemeji alikuwa amekaa mbele karibu na dereva, mkoba mapajani, akimfokea.

"Pole pole kwenye matuta. Hizo si viazi."

"Sawa, bibi."

"Na mkono wako usiuning'inize nje. Au basi, uning'inize. Hivyo. Usiutoe."

Nikasogea dirishani. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu jana, nikayasahau yote. Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akanipa.

"Chumba nimekuachia safi kabisa," akasema.

Kiwiko mkubwa, nyuma yangu, akakohoa. "Mama, umechora kuta zote mpaka dari. Mpaka swichi ya taa."

"Nimesema safi." Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona anautafuta uso wangu, kama mtu anayetafuta nyumba aliyoelekezwa vibaya. "Shemeji, usije ukapaka chokaa."

"Sipaki."

"Apa."

"Naapa."

"Na usiandike kitu."

"Siandiki, shemeji. Nimeacha."

"Ah," akasema, "hujaacha wewe," akampiga dereva begani waondoke. Gari likavuka tuta pole pole, na dereva masikini mkono ameuning'iniza nje, ameukunja kama alivyoambiwa. Shemeji sikumwona tena.